Miezi Kumi na Miwili ya Baba

12 Januari

Dada yangu,

Kaa kwanza, barua hii usiisome umesimama. Kuna watu waliozaliwa na nyota, halafu kuna mdogo wako, aliyezaliwa na nyota moja mwilini na nyingine mkononi kama nyongeza ya sokoni.

Lakini salamu mbele, Baba asije akasema mji umenilamba adabu. Shikamoo Baba. Shikamoo Mama, na hiyo miguu yako iliyovimba naiamkia mmoja mmoja. Shikamoo Dada. Shemeji mwambie kikohozi hakiponi kwa kubembelezwa, aende akapimwe. Watoto waambie mjomba wao yuko hai na anang'aa. Mimi ni mzima kabisa. Chumba cha kufulia cha hoteli ni kilekile, mvuke na kelele, ila siku hizi sishiki tena shuka. Napiga pasi suti tu. Shuka wameachiwa wanaoanza.

Sasa sikia bahati. Unajua tangu mwaka jana nazunguka ofisi za bima ya maisha kwa ajili ya wazee. Ofisi ya kwanza binti wa kaunta aliuliza umri, nikasema sabini na tatu, akafunga daftari kabla mimi sijafunga mdomo. Ya pili wakataka magonjwa. Nikaanza na kisukari cha Baba, nikapita kwenye moyo, na nilipofika kwenye presha ya Mama yule karani akaniambia, kaka, wewe hutafuti bima, unatafuta muujiza. Ya tatu sitaki hata kuisimulia.

Wiki iliyopita mgeni wa ghorofa ya nne ameshusha suti ya kijivu. Nikaipiga pasi kama naipigia mkwe. Jioni anaitwa fundi aliyefanya kazi hii, nikajua kazi imeisha, nimeunguza. Kumbe anataka kunipa mkono! Anasema tangu aanze kuvaa suti hajaona mkunjo ulionyooka namna ile. Nikamuuliza yeye kazi yake nini. Mkubwa wa kampuni ya bima, Dada. Mkubwa kabisa, wa kukalia kiti kinachozunguka. Nikamwambia, bosi, mkunjo huu umenyooshwa na mtoto wa mtu, na huyo mtu anaumwa, na nyie wote mnamkimbia. Akacheka mpaka tai ikaenda upande. Kesho yake fomu iko mkononi mwangu. Hakuna kupimwa, hakuna kuulizwa.

Masharti ni haya, na umsomee Baba polepole. Bima yake inaanza tarehe mosi Februari. Kwa miezi kumi na miwili ya mwanzo, akiondoka kwa ajali wanalipa yote, akiondoka kwa ugonjwa wanarudisha tu kilichowekwa. Miezi hiyo ikipita, hata akiondoka kwa kucheka, wanalipa yote. Mama anabaki kwenye nyumba yake na hakuna mtu atakayepitisha karatasi ya michango kwa majirani. Ya Mama itafuata, bosi tumeshazoeana.

Ndimi mwanenu, mdogo wako, mjomba wa watu,
Tarumbeta


9 Februari

Mdogo wangu Tarumbeta,

Marahaba. Baba na Mama nao wamesema marahaba. Watoto hawajambo, wa mwisho ameng'oka jino na anasema ameliweka kwa ajili yako. Shemeji yako hakwenda kupimwa, lakini amehamia kukohoa nje, anasema hiyo ni hatua.

Barua yako nimemsomea Baba mara tatu. Nilikuambia usimwambie mambo kwa simu na ninashukuru umesikia. Simu anaishika kama kikombe cha moto, anasema “haya, haya”, akikata hakumbuki chochote. Mtu aliyepanga barua posta miaka thelathini na moja, kwake la simu limesemwa tu. La barua limefanyika.

Mara ya tatu aliponiambia nisome nilidhani hakusikia. Alikuwa amesikia. Alitaka mimi nisikie. Halafu akaanza ile habari ya msiba wa baba mdogo, ambayo wewe ulikuwa mdogo na hukuiona. Alizunguka na karatasi ya michango nyumba kwa nyumba. Kuna jirani alimwambia asubiri mlangoni, akarudi ndani akamaliza kula, Baba anasikia sahani, amesimama. Mtu mzima, na kofia mkononi. Alipomaliza kusimulia akamwangalia Mama, akasema, “Huyu hataenda kusimama mlangoni kwa mtu.” Kisha akaniomba kalenda ya duka la dawa iliyoko jikoni. Sasa iko juu ya kitanda chake, na kila asubuhi anakata siku moja kwa kalamu.

Amebadilika, mdogo wangu. Vidonge ambavyo nilikuwa namtafunia maneno ndipo avimeze, sasa ananikumbusha yeye. Chai anakunywa bila sukari na anasema ni tamu. Asubuhi anatembea hadi darajani na kurudi. Watu wakimuuliza mzee unakwenda wapi, anawajibu anakwenda kazini. Anasema wewe umempatia ajira, kazi ya kutokufa, ya mkataba wa mwaka mmoja.

Anaomba hati ya bima. Yenye jina lake, namba na muhuri. Usichelewe, unamjua alivyo na mihuri.

Karatasi hii ya pili ni yako peke yako, sikumsomea. Nimefurahi, na pia sijafurahi. Ofisi tatu zimemkataa, ya nne imemkubali kwa sababu ya suruali iliyonyooka? Niambie mimi kama mimi.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Salamu nyingi kuliko vifungo vilivyonipitia mkononi wiki hii. Mmeamkaje, mmeshindaje, jino la mjomba wake lisitupwe, nitalinunua. Mama namwombea. Shemeji asihamie mbali sana na kikohozi chake.

Nimechelewa kuandika kwa sababu ya kazi. Suti zinapanga foleni kama watu wa hospitali. Kila mgeni akishuka anauliza, yuko wapi yule bwana? Yule bwana ni mimi.

Hati ipo. Hati za kampuni kubwa hazikimbii, Dada, zinatembea, maana kwenye kila meza lazima zipate saini, na kila mwenye saini ana likizo. Kwa sasa nakutumia karatasi yao ya rangi, mpe Baba aishike. Tazama wale wazee wawili walivyocheka, na meno yao yote. Mwambie Baba na yeye atapigwa picha.

Umeniuliza nikuambie wewe kama wewe. Dada, tangu lini mimi nikaonyesha ushahidi? Ulinilea mwenyewe. Mambo yangu hutokea halafu watu ndio huamini. Mwambie Mzee akate siku zake kwa amani.

Tarumbeta


25 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi wazima, isipokuwa Mama amelazwa siku mbili kwa presha akaruhusiwa. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa hospitali na sikuwa na kalamu wala nguvu.

Karatasi ya rangi imefika. Baba aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaipeleka dirishani. Nikajua anatafuta jina lake. Alipolikosa aliikunja vizuri akaiweka kwenye lile kopo la bati lenye beji yake ya posta. Akaniambia, “Hii ni ya kila mtu. Yangu iko njiani.” Akanifundisha kwamba katika miaka yake yote, barua iliyochelewa na barua iliyopotea hazikuwa kitu kimoja, na kijana asiyejua tofauti hiyo walikuwa wanamhamishia kwenye vifurushi.

Mimi pia niliiangalia, mbele na nyuma. Nimeona nilichoona. Sitaandika zaidi.

Amenunua viatu vipya vya kutembelea. Sasa anavuka daraja na kufika mpaka karakana ya matairi, halafu ndiyo anageuka.

Dada yako


6 Agosti

Mdogo wangu,

Barua mbili nimekuandikia, Mei na Juni, hukujibu. Simu nimepiga mara nne, inaita mpaka inachoka. Nakuamkia hivyohivyo. Watoto wazima, shemeji yako mzima, Mama anatembea kwa kushika ukuta.

Baba ana kidonda.

Vile viatu vipya vilimchubua kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Mwenye kisukari hasikii miguuni, na yeye hakusema, kwa sababu alikuwa na siku zake za kutembea. Alikuwa anavaa soksi mbili. Mimi nimeona pale tu harufu ilipoanza. Kidole kilikuwa cheusi, kikafuatia cha pili, na sasa weusi umeanza kupanda juu ya unyayo.

Jumatatu tulimpeleka kwa daktari wa upasuaji. Ni mtu wa maneno machache na mimi nilimpenda kwa hilo. Akasema mguu ukatwe chini ya goti, wiki hii. Nikauliza kuhusu moyo wake. Akasema hawezi kunidanganya, mzee wa umri huu na moyo huu akipewa nusukaputi anaweza asiamke. Lakini asipokatwa sumu itapanda, na hapo hakuna cha kuuliza tena.

Baba alikuwa amekaa, kofia magotini. Akamuuliza daktari, “Kisu hakiwezi kungoja mpaka Februari?”

Daktari akadhani mzee hajaelewa. Akaeleza tena, kwa sauti ya kuelezea watoto.

“Nimekusikia,” Baba akasema. “Nina mkataba. Unaisha Februari mosi. Nikifia kwenye meza yako kabla ya hapo, mke wangu anapata senti za kurudishiwa. Tarehe mbili Februari njoo na msumeno ukitaka, mimi mwenyewe nitakushikia taa.”

Tukarudi nyumbani. Tulipofika alinituma nikuulize swali moja, na anataka jibu lake kwa maandishi ya kampuni. Mtu akifa mezani kwa kisu, hiyo ni ajali au ni ugonjwa? Anasema kisu kikimkata mtu barabarani ni ajali, kwa nini hospitali kiwe kitu kingine. Muulize bosi wako wa suti. Muhuri usisahau. Usiponijibu haraka, mdogo wangu, sijui nitakuita nani.

Dada


2 Septemba

Dada yangu,

Nimepata barua yako. Salamu kwa wote. Samahani ya Mei na Juni, kazi.

Bosi amesafiri. Lakini nimeongea na watu wake wa chini, na wamesema ndiyo. Kisu ni ajali. Wamesema wazi kabisa, bila wasiwasi, kisu cha hospitali ni ajali kama gari. Kwa hiyo Baba akubali, akatwe mguu leo, wala asingoje kesho. Msomee hapa mara kumi. Hata akiondoka, Mungu apishe mbali, wanalipa. Mwambie pia mguu mmoja unatosha kwa mwanaume mwenye akili, na kiatu kimoja ni nusu bei.

Maandishi yatafuata, lakini asiyangoje. Tafadhali, Dada. Mlazimishe. Shemeji amshike. Mfungeni.

Tarumbeta


18 Septemba

Mdogo wangu,

Nimemsomea. Kile cha kiatu kimoja alicheka, ndiyo mara ya mwisho nimemsikia akicheka. Kisha akauliza muhuri uko wapi. Nikamwambia utafuata. Akasema, “Tarumbeta inalia, haina saini,” akageukia ukutani.

Ngoja nikueleze chumba, maana wewe huko unanusa sabuni. Dirisha liko wazi mchana kutwa na bado jirani amehamisha kamba yake ya nguo. Mama anamwosha kidonda kwa maji ya chumvi, amekaa kwenye kigoda, na miguu yake mwenyewe imevimba kama mito. Weusi umefika kifundoni. Homa inakuja saa za jioni. Akiwa na homa anapanga barua, anatupa mikono kushoto na kulia, anataja miji. Homa ikishuka anaomba kalamu akate siku yake. Jana hakuweza kunyanyua mkono, akaniambia nimkatie. Nilikata. Nikazihesabu, zimebaki siku zaidi ya mia na daktari amesema Ijumaa ijayo ikipita hatamgusa tena.

Sasa niseme langu. Tangu ile karatasi ya rangi nilijua kuna kitu. Ilikuwa ya kugawa bure mlangoni, na kwa nyuma mtu alikuwa ameandika namba ya fundi bomba. Nilijua, nikanyamaza. Baba alikuwa anakula. Alikuwa anameza dawa, anatembea, anawatania watu barabarani, na mimi nilikuwa nimepumzika kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne ya kumbembeleza aishi. Niliona uongo wako unamlea kuliko mimi. Kwa hiyo sikuuliza. Vile viatu ni mimi niliyempeleka kununua.

Usifikiri naandika haya ili tugawane lawama. Lako ni lako.

Sitaki habari za suti. Sitaki bosi amesafiri wala amerudi. Baba anamsubiri mtu mmoja tu duniani, na huyo mtu ni wewe. Mimi nikimwambia hakuna bima hataniamini, atasema namhurumia. Mama akimwambia atasema amefundishwa. Anataka iandikwe kwa mkono wako. Kuna bima au hakuna? Usinijibu kwa simu.

Dada


21 Septemba

Dada,

Barua hii ameibeba dereva yuleyule aliyeniletea yako, wa basi la abiria linaloondoka alfajiri, nimemlaza kwangu ili nisimkose. Atakupa mkononi Jumatano. Shikamoo. Sina salamu nyingine.

Hii sehemu ya kwanza ni yako. Hoteli walinitoa tangu Novemba ya mwaka juzi, niliunguza shuka za harusi ya watu nikijisifu kwa mwenzangu kwamba naweza kupiga pasi bila kutazama. Sikuwahi kugusa suti. Sasa hivi nafua nguo za watu kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba ninayopanga, kwa mikono, na mwenye nyumba ananihesabia maji.

Ofisi nilizunguka kweli. Binti wa daftari ni kweli, karani wa muujiza ni kweli. Ile ya tatu niliyosema sitaki kuisimulia, wale walikubali. Hawapimi mtu, wanangoja miezi kumi na miwili, masharti ni yaleyale niliyokuandikia. Mama mmoja pale mezani alinieleza vizuri, akanipa fomu na kalamu, akanivutia kiti. Malipo ya mwezi yalikuwa zaidi ya ninachopata kwa mwezi. Nikamwambia nitarudi. Nikatoka pale nikiwa nimeshaiona sura ya Baba ukimsomea, na jioni ile nikaandika barua kwenu kabla sijaandika fomu. Nikasema nikishawaambia nitalazimika kuilipa. Februari nikasema Machi. Machi nikaokota ile karatasi mlangoni kwao. Mei nilipopata barua yako niliiweka chini ya godoro bila kuifungua. Ya Juni pia. Simu nilikuwa naitazama inavyoita.

Ile ya kisu ni ajali niliitunga nimekaa juu ya ndoo. Nilitaka akubali. Ungenipa uongo wowote siku ile ningeuandika.

Viatu usijibebeshe. Fomu bado ninayo, haina hata herufi moja, nimeitia humu bahashani ili aione kwa macho yake. Hapo chini ni kwa Baba. Usipunguze kitu, wala usilainishe sauti, msomee kama ulivyomsomea ile ya Januari. Akitaka kuishika aishike, anaujua mwandiko wangu.

Baba, shikamoo. Ni mimi ninayeandika na ninaandika kwa akili zangu. Februari haina kitu. Ukifika huko utakuta siku kama nyingine, na Mama atabaki na alichonacho leo. Hakuna mtu anayekungoja umalize mwaka. Nenda Ijumaa ukakatwe mguu. Ukiamka nitakuja unitukane, na usipoamka nitazunguka na karatasi ya michango mimi mwenyewe, nisimame kila mlango, Mama asisimame hata mmoja. Mtu wa suti sijawahi kumwona. Bahati sikuwahi kuipata. Bima yako haipo, Baba, na haikuwahi kuwepo hata siku moja.